Kope za Shangazi Bonifasia

Jumatatu, 3 Machi 2025
Shangazi hakohoi tena! Leo kapalilia maharage peke yake. Ni kile kidonge cha saratani ya mapafu anachomeza kila siku. Daktari alitueleza: seli mbaya zina vipokezi vinavyopokea amri ya kukua. Kidonge kinaingia humo, kinaziba, amri haifiki. Akaonya ataharisha, atatoka vipele, na huenda kope zikarefuka. Zimerefuka! Nyeusi, zimejikunja. Nimezisifia kuanzia chai hadi chakula cha jioni. Na Danstan pale Benaco anabandika wanawake kope za plastiki, saluni imejaa, anajiona mfalme. Ngoja.

Jumanne, 4 Machi
Shangazi kaenda kusali jumuiya. Nimechota vidonge viwili kwenye kichupa chake. Viwili tu, hatajua. Kimoja nimekisaga nikachanganya na mafuta ya mgando. Jina: Kope Asilia! Nimejipaka mwenyewe kwanza, wateja waone mfano. Cha pili nimemeza.

Jumatano, 5 Machi
Macho yamevimba. Danstan kaniuliza mbele ya wateja wake kama nimegombana na nyuki. Mpuuzi. Halafu tumbo, mama yangu! Nimeshinda chooni. Lakini si daktari alisema kuharisha? Dawa inafanya kazi!

Alhamisi, 6 Machi
Asubuhi Shangazi kakohoa. Kwa nguvu, mfululizo. Vidonge vyake! Kama amri imepita je? Ndiye aliyenilea huyu. Nikakimbilia jikoni, hata shikamoo nikasahau, nikapiga magoti nikaeleza yote huku nalia. Akacheka mpaka akajishikilia ukutani. Akasema kinachomkohoza ni pilipili aliyoitia kwenye mafuta ya moto. Dawa zake analala nazo chini ya mto tangu Jumatatu niliposifia kope kupita kiasi. Kwenye kichupa alitia za minyoo ya mbuzi. Akaniuliza kama yangu imetoka. Nilifurahi mno, nikala sahani mbili za ndizi na maharage.

Ijumaa, 7 Machi
Shangazi yuko shambani, anaimba. Kaniagiza niwape mbuzi dozi iliyobaki. Nilipoinuka kwenda zizini, suruali ikaniteremka. Nimejitazama: kitambi kimekwisha! Na wateja wa Danstan, nusu yao hulalamikia vitambi. Nimeshapaka rangi ubao: KIUNO ASILIA. Mbuzi watasubiri kidogo.