Mpiga Picha Hayupo

Saa nne na nusu asubuhi simu zote za benchi zililia kwa pamoja. Balozi, kama benchi linavyomwita, mtu anayesoma kwa sauti hata maandishi ya pakiti ya chumvi, akasafisha koo, akasimama, akasoma.

"Ndugu wakazi, umuganda unaisha saa tano. Kila kundi litume picha kabla ya hapo. Watu waonekane toka kichwani mpaka viatuni, vifaa mkononi, kazi ionekane. Kama kawaida, asiyeonekana kwenye picha hakuja. Safari hii orodha ya watoro itabandikwa ukutani Jumatatu. Chini ya picha liandikwe jina la aliyepiga. Mimi Gahongayire, katibu wa mudugudu."

"Asiyeonekana hakuja!" Leila akapiga makofi. "Basi bibi yangu hakuzaliwa. Haiko na picha hata moja."

"Ni maendeleo," alisema Balozi.

"Ni uvivu! Mtu iko inatuhesabu na simu, miguu juu ya kochi."

Benchi lenyewe liko Kagarama, mbele ya kibanda cha chai cha Mukashema. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mji mzima ukitoka kufanya umuganda, yaani kazi ya pamoja, kundi la hapo hupewa mtaro unaopita mbele ya kibanda. Ni watu watano, na ni walewale wanaokunywa chai hapo siku nyingine zote. Kabla ya saa tano hakuna biashara inayofunguliwa, kwa hiyo chupa ya chai ya tangawizi ilikuwa mezani, imejaa, imefungwa, na Mukashema ameweka mkono juu ya kifuniko chake. Mtaro ulikuwa umesafishwa. Kilichobaki ni picha.

Na picha ndiyo ilikuwa balaa la Ilyasi, ambaye benchi linamwita Fleshi.

Fleshi ni mpiga picha. Kila mwezi anachimba mtaro, anasimama upande wa pili wa barabara na kamera yake, anawapiga wenzake wanne, anatuma. Na kila mwezi katibu anahesabu nyuso nne, anaandika: Ilyasi, hayupo. Miezi saba mfululizo. Alipokwenda kulalamika akajibiwa kwamba jina lake liko chini ya picha kama mpiga picha, na mpiga picha hawezi kuwa kwenye picha, basi aache kusumbua ofisi. Alirudi na jibu hilo benchini, wenzake wakacheka mpaka chai ikawatoka puani.

Fleshi hakucheka. Alikuwa anataka barua ya mudugudu, yaani ya uongozi wa mtaa, inayosema kwamba yeye ni mkazi anayeshiriki. Bila barua hiyo hakuna ruhusa ya kusimama na kamera pale maharusi wanapofungishwa ndoa za serikali kila Alhamisi, na bila Alhamisi atabaki kupiga picha za vitambulisho hadi kope zidondoke. Nani atampa barua mtoro wa miezi saba ambaye jina lake litabandikwa ukutani?

"Leo naonekana," alisema, akatoa kijiboksi mfukoni. Ndani kulikuwa na rimoti nyeupe, ndogo kama kipande cha sabuni ya hotelini.

"Hiyo ni nini?" Balozi alikunja pua.

"Rimoti ya kamera. Nasimama na nyinyi, nabonyeza, kamera inapiga."

"Yewe! Hiyo ni toi ya mtoto kuchezea. Kule Kiyovu, balozi wangu alikuwa na rimoti ya geti tu, ya geti, Fleshi, na ilikuwa nzito kuliko hiyo kamera yako."

Jina halisi la Balozi ni Rutayisire. Aliendesha gari la balozi mmoja kule Kiyovu kwa miaka mitatu, akaachishwa, akabaki na ubalozi wote. Hakuna jambo duniani ambalo halikuwahi kufanyika vizuri zaidi Kiyovu.

"Kwa nini usitumie ile ya kuhesabu sekunde?" aliuliza Mukashema kwa upole.

"Mama, mwezi uliopita nilitumia. Sekunde kumi. Nivuke barabara, niruke mtaro, nishike jembe. Kamera ikanikuta hewani, mgongo tu. Katibu akaandika: Ilyasi hayupo, mtu mmoja anaonekana akitoroka."

Leila akaangukia bega la Injinia kwa kicheko. Leila ni fundi cherehani, na ulimi wake unakata nguo iliyoushinda mkasi. Huyo Injinia ni Mugenzi, mtunza stoo wa ghala moja kule Masoro. Kazi yake ni kuhesabu maboksi, ila boksi lililoandikwa "mashine" likipita mikononi mwake, yeye huhesabu kwamba amesomea mashine.

"Uite mtu anayepita akupigie," alisema Leila.

"Nani anapita saa hii? Mtu akipita wakati wa umuganda ataulizwa kwa nini anapita."

"Basi mmoja wetu apige."

Kila mmoja aliangalia jembe lake kwa mapenzi mapya. Nani akubali kubandikwa ukutani Jumatatu?

"Unaona?" alisema Fleshi. "Miezi saba mmeniacha mimi niandikwe mtoro."

Akavuka barabara, akasimamisha kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, akaielekezea rimoti akiwa palepale mbele yake. Kacha! Kamera ikapiga. Fleshi akatabasamu, akaruka mtaro, akajipanga na wenzake. Akashika jembe kwa mikono miwili, rimoti ameibana kati ya kiganja na mpini, vidole vimeifunika yote. Alikuwa amelipigia hesabu jambo hilo usiku kucha: katibu asione toi, aone mtu wa kazi. Akakaza uso, akabonyeza.

Kimya.

Akabonyeza tena. Kamera iliwatazama tu.

"Hii ndiyo teknolojia," alisema Balozi, meno nje kwa ajili ya picha. "Nimekenua mpaka meno iko inakauka."

"Betri," alisema Injinia. "Lete hapa."

Akaifungua kwa ncha ya kisu cha Mukashema, akatoa kibetri cha duara, akakilamba, akafikiri, akakilamba tena. "Iko na moto. Lakini moto ya upande mmoja."

"Sha Injinia, betri gani iko na moto ya upande mmoja?" Leila alimkazia macho. "Wewe huko Masoro unalamba maboksi pia?"

Injinia akafuta kibetri kwenye shati, akakirudisha. Fleshi akavuka barabara, akajaribu mbele ya kamera. Kacha! Akarudi mbio, akashika jembe, akabonyeza. Kimya.

"Ni umbali," alisema Injinia bila haya. "Hapa mpaka pale, nguvu inakwisha njiani."

Wakaisogeza stendi mpaka ukingo wa barabara, karibu kabisa na mtaro. Fleshi akajaribu tena mbele yake, kacha, akarudi kwenye mstari, akakumbatia mpini. Kimya.

"Basi ni jua. Jua iko inaikoroga."

Mukashema akaleta mwavuli, wakaifunika kamera kama bibi harusi. Kimya. Injinia akasema ni wi-fi ya majirani. Leila akasema labda inabonyezwa mara mbilimbili kama pedali ya cherehani, Fleshi akabonyeza mara mbilimbili, mara tatutatu, akabonyeza mpaka kucha ikauma. Injinia akachukua boksi, akasoma maelekezo ya Kichina kwa makini sana, akageuza karatasi, akasoma upande wa pili.

"Inasema nini?" Leila aliuliza.

"Inasema... tahadhari."

"Ariko! Tahadhari na wewe!"

Saa tano kasoro kumi na mbili. Jasho lilimtoka Fleshi. Alikasirika na kuona aibu kwa pamoja, maana kitu kilichomdhalilisha hakikuwa hata na mdomo wa kumjibu. Mbele ya kamera inatii, akiingia kwenye picha inagoma. Hata rimoti, alijisemea, imeungana na Gahongayire.

"Mimi nakwambia ukweli kama ndugu yako," Balozi alisema, na sauti yake haikuwa na undugu wowote. "Shida si rimoti. Shida ni mtu. Kuna watu Mungu amewaumba wakae nyuma ya kamera. Ukimleta mbele, hata mashine inakataa. Uso wenyewe tazama! Mimi nikiwa kamera nakataa pia."

"Mwache," alisema Mukashema.

"Nimwache nini? Tangu saa nne na nusu tumesimama hapa kama nguzo za fensi. Kule Kiyovu..."

"Kule Kiyovu walikufukuza!" Leila alimkatiza.

"Sikufukuzwa. Mkataba ulipumzika. Kule Kiyovu nilikuwa nafika mita hamsini toka getini, nainua mkono hivi, geti lenyewe linaniamkia. Ni mkono, bana! Vyombo vinajua mkono wa mtu aliyezoea vyombo. Lete hiyo takataka."

Akamnyang'anya Fleshi rimoti. Akaweka jembe begani, akasimama katikati kabisa ya mstari, akatoa kifua, akanyoosha mkono juu kuielekea kamera ili barabara nzima ione jinsi watu wa Kiyovu wanavyobonyeza.

Kacha! Kacha! Kacha!

Benchi zima lilipigwa na butwaa.

"Mmeona?" Balozi alinguruma. "Mmeona au hamkuona?"

Mukashema alikuwa ameinamisha kichwa, anafikiri. "Fleshi, ulikuwa unaificha rimoti," alisema. "Kila ukirudi huku unaifunika na mkono na mpini. Ukiwa kule kamera inaiona, inapiga. Ukiificha, haioni kitu. Ndiyo ile ya televisheni, mtoto akisimama mbele haifanyi kazi."

Fleshi alijitazama kiganja. Alitamani ardhi ipasuke. Miaka kumi na sita ya kazi, na anafundishwa na mama wa chai! Kumbe ni kutaka kwake kuonekana mchapakazi ndiko kulikomnyima kuonekana kabisa.

"Oya, Mukashema!" Balozi alipunga mkono. "Usimtafutie sababu. Ni mkono. Mkono wa nani? Wangu. Nani kapiga hii picha?"

Akawapitia mmoja mmoja kwa kidole.

"Nauliza, nani kapiga?"

"Wewe, mzee," alisema Injinia, aliyekuwa anatafuta pa kuegemea baada ya wi-fi yake kuanguka.

Fleshi aliruka mtaro, akatazama picha kwenye kioo cha kamera. Ilikuwa picha safi. Watu watano toka kichwani mpaka viatuni, mtaro unang'aa, majembe yanaonekana, na yeye mwenyewe, wa pili kutoka kushoto, mzima mzima, mbele na uso. Akachomoa kadi, akaichomeka kwenye simu, akaanza kuandika majina. Alipofika mwisho, kidole kikasita.

Aliinua macho. "Mzee Rutayisire, hapa chini wanataka jina la aliyepiga. Niandike nani?"

"Swali gani hilo? Unataka kuniibia kazi yangu mbele ya mashahidi?"

"Sitaki kukosea. Niandike wewe?"

"Andika! Herufi kubwa. Imepigwa na Rutayisire."

"Una hakika, mzee?"

"Wivu huo, Fleshi. Andika, tuma."

Leila alifungua mdomo, akamtazama Fleshi, akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza mtaani kumwona Leila akiliacha neno lirudi tumboni. Fleshi akaandika kwa herufi kubwa, akatuma. Saa tano kasoro dakika nne.

Wakakaa. Balozi akaendelea kuwaeleza kuhusu mkono, akaunyoosha waushike. Injinia akaushika. Saa tano kamili simu zikalia kwa pamoja, na Balozi, kama kawaida yake, akasimama, akasafisha koo.

"Kundi la mtaro wa kwa Mukashema. Picha nzuri, hongereni. Waliopo: Ilyasi, Leila, Mugenzi, Mukashema. Ilyasi, nimefurahi kukuona baada ya miezi mingi, pita uchukue barua yako Jumatatu. Rutayisire, mpiga picha..."

Akaisogeza simu karibu na macho.

"Endelea, mzee," alisema Leila. "Unasoma vizuri."

"...hayupo." Balozi aliigeuza simu juu chini, labda neno lingebadilika. "Hayupo? Mimi? Mimi niko katikati! Niko mkubwa kuliko mtaro!"

Akabonyeza kitufe cha kurekodi, akamwagia katibu dakika nzima ya malalamiko, Kiswahili, Kinyarwanda na Kifaransa cha ubalozini. Jibu lilirudi haraka, sauti ya Gahongayire, tulivu, ya mtu aliyekwisha kufunga daftari.

"Mzee, jina lako liko chini kwa herufi kubwa. Mpiga picha hawezi kuwa kwenye picha. Huyo wa katikati anayenyoosha mkono simjui, labda alikuwa anapita. Nitauliza kwa nini alikuwa anapita."

Leila alilia machozi ya kweli. Injinia aliuachia ule mkono taratibu, akasogea mbali nao kwenye benchi. Balozi akamgeukia Fleshi, akamnyooshea kidole.

"Ulijua!"

"Nilikuuliza mara mbili, mzee."

"Mwambie ni wewe ulipiga!"

"Mimi?" Fleshi alifuta rimoti kwa pindo la shati, akairudisha kwenye boksi lake. "Mimi niko kwenye picha."

Mukashema alifungua chupa. Harufu ya tangawizi ikatoka, kila mtu akasogea. Akapanga vikombe mezani, akamimina, Leila, Injinia, Fleshi, na chake mwenyewe. Kisha akafunga kifuniko kwa nguvu.

"Mukashema," alisema Balozi kwa sauti ndogo. "Na mimi?"

Mukashema alitazama benchi lote, toka mwanzo hadi mwisho, taratibu, kama anayehesabu nyuso.

"Nani iko inaongea?" aliuliza.