Mtawa Ndani ya Unga

Jumatatu, 3 Machi 1975
Ugunduzi mkubwa. Kitabu cha hadithi za Waingereza wa kale, nilichokifundisha hadi nikastaafu, kina kurasa ambazo sikuwahi kuzisoma. Padri wa shule alizigandisha kwa uji wa muhogo. Leo nimezifungua kwa mvuke wa birika. Nilitaka kujua tu. Mwoka mikate mzee, mke kijana, mtawa wa kiume. Mume anarudi ghafla. Mtawa anajificha ndani ya pipa la unga uliokandwa. Mume anaukanda tena gizani, anashika tako, anausifu unga ulivyoumuka. Nimesoma mara mbili, kwa uchunguzi. Kumbe hivi ndivyo walivyokuwa wakicheka!

Nimepata wazo. Umar wa hoteli ya chai, hapa Namuwongo, bado ana sukari, ingawa madukani imekwisha; Mungu ndiye ajuaye anakoipata. Kila jioni humtilia vijiko viwili msimuliaji aliyewachekesha wateja kuliko wenzake. Mwezi mzima sasa anayekunywa chai tamu ni Wahabi, fundi cherehani. Basi. Yatosha.

Jumanne, 4 Machi
Nimesimulia. Kwa kuwa mimi ni mtu wa heshima, mtawa alifika kuulizia bei ya ngano, na mume alimshika bega. Hakuna aliyecheka. Mmoja aliuliza mwoka mikate ni wa ukoo gani. Nikasema ni Mwingereza. Wakamwonea huruma. Kisha Wahabi akaeleza jinsi shemeji yake, kapteni wa jeshi, alivyofukuzwa na bata mzinga. Akapewa sukari. Kisa hakina hata mwisho!

Alhamisi, 6 Machi
Nimechunguza. Watu wa hapa hawamcheki mtu wasiyejua anakaa wapi. Kwa hiyo nimemhamishia mwoka mikate wangu karibu na reli, nikamfanya sajini msimamizi wa tanuri za kambini. Nimemtunga mwenyewe; mtu wa namna hiyo hayupo. Tako nimelirudisha mahali pake. Walicheka hadi Umar akaunguza maandazi. Vijiko viwili! Wahabi alikunywa chai yake bila sukari, kama dawa ya minyoo.

Ijumaa, 7 Machi
Yupo. Anaitwa Otema. Ana tanuri, ana mke kijana aitwaye Laker, na anakaa karibu na reli. Habari hii nimeletewa na Wahabi, kwa upole usio wa kawaida yake. Akaongeza kwamba sajini anamtafuta mzee wa unga, na kwamba mtu wa mwisho kutafutwa mtaani hapa aliingizwa ndani ya buti ya gari, na hajarudi. Nimesukuma kabati mlangoni.

Jumamosi, 8 Machi
Kabati halikusaidia. Sajini Otema alilisogeza kwa mkono mmoja, akaingia na mkewe, akaketi kitandani pangu. Alitaka jina la mtawa. Nikaapa kwamba mtawa na mume wote ni Waingereza, na walikufa zamani sana.

“Nani aliua hao?” akauliza.

Nikasema ni uzee. Hakuniamini. Akaniamuru nisimulie yote, nisiruke neno. Nilipofika penye tako, Laker alicheka. Sajini akamgeukia. Nami nikaifikiria ile buti ya gari.

“Baba Ochan, wewe ungejua palepale,” Laker akamwambia mumewe. “Wewe unajua unga.”

Sajini akalitafakari jambo hilo kama mtaalamu. Kisha akaanza kucheka, kitanda nacho kikalia. Alipopata pumzi akaniuliza, “Mwalimu, hawa ndio walifundisha sisi adabu?”

Alipoondoka alionya kwamba asisikie tena habari za sajini yeyote katika hadithi zangu.

Jumapili, 9 Machi
Somo limeniingia: mambo ya askari si ya kuchezea. Nimefungua kurasa nyingine kwa mvuke. Mume mjinga zaidi, na kapu la nguo chafu. Huyu nimempa cherehani na nyumba mbali kabisa, kule Kasubi. Askari hawamo. Yupo kaka wa mke tu, kapteni, na anatajwa mara moja, ili iaminike. Nani atamtambua? Vijiko vitatu, naona.