Nyumba ya Tiberiu na Notari Asiyekula Kuku

Jumatatu, 7 Aprili

Nyumba nampa Tiberiu! Nimeamua. Atakayepinga akapingie kwao.

Haya, sasa salamu. Hujambo, daftari. Mimi sijambo, ila nina hasira.

Hasira zenyewe ni za Glicheria, wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Kati yetu kuna ua tu, na ua wenyewe mfupi. Leo kaanika mazulia yake na kunipigia kelele kwamba Costel wake anakuja Pasaka kama kila mwaka, je, wangu? Costel! Muuza matairi! Wangu anatengeneza lifti ughaibuni, mjini Torino. Tiberiu akipata mafua, nusu ya mji ule wanapanda ngazi kwa miguu. Mtu kama huyo atapata wapi nafasi ya kuja kila sikukuu? Pasaka mbili hajaja. Krismasi sizitaji.

Basi nikafikiri huku nasugua sufuria. Mimi hufikiri vizuri nikisugua. Anayepewa nyumba lazima aipokee. Ili aipokee lazima asaini. Ili asaini lazima awepo. Akishakuwepo na kuonja kabichi zangu za kuviringishia nyama, Torino ataikumbukia wapi?

Nikampigia. Akasema, mama, nyumba ya nini, si unakaa humo mwenyewe? Nikamwambia notari amesema lazima aje kwa miguu yake. Wakati huo notari nilikuwa sijamwona. Namwona kesho. Kwa hiyo ni uongo wa usiku mmoja tu.

Jumanne, 8 Aprili

Notari gani huyu!

Nilijua notari ni mtu wa muhuri. Unaingia, unasema shida yako, anagonga, pa, unawahi basi la saa sita. Nikachukua na kuku, nimemchinja alfajiri, amenona kama askofu. Notari mwenyewe, Bi Zavoianu, akamtazama kuku, akanitazama mimi, akasema hapokei kitu kwa mteja, na isitoshe hii ni Kwaresima. Nikamwambia kuku wangu hajui kalenda. Hakucheka.

Akanieleza kazi yake polepole, kana kwamba kuku ni mimi. Kwanza lazima ajue wewe ni nani, kwa karatasi, si kwa uso. Ahakikishe unachokitoa ni chako kweli. Aone kwamba akili zako zimetulia na hakuna aliyekusukuma. Ndipo aandike hati, aisome kwa sauti mbele ya wote, mwanzo mpaka mwisho, na asiyeelewa aulize. Kisha saini. Muhuri ndio wa mwisho kabisa. Tena hayuko upande wa mtu! Nikamwuliza hayuko upande wangu vipi, na mimi ndiye niliyekuja?

Akataka iandikwe kwamba nitaishi humo mpaka kufa kwangu. Nikawaka. Tiberiu anifukuze mimi? Mtoto aliyelia wiki nzima nilipompeleka chekechea? Akasema mstari huo hauandikwi kwa ajili ya mwana, unaandikwa kwa ajili ya mkwe ambaye bado hatumjui. Hapo alisema neno.

Kitambulisho changu kumbe kimekwisha muda. Anataka kipya, na cheti cha ndoa, cha kifo cha mume wangu, hati ya nyumba, karatasi ya kodi ya manispaa. Daftari la ardhi atalitazama mwenyewe. Halafu akauliza kwa nini nimsumbue kijana, si atume hati ya uwakilishi kupitia ubalozi wetu wa kule? Nikamwomba ashushe sauti.

Na siku ya kusaini? Jumatatu, tarehe 28. Karibu wiki tatu, Pasaka imeshapita! Nikampigia Tiberiu. Akauliza kama ni lazima iwe siku hiyo. Nikasema notari ni mkali, kakataa katakata. Akasema sawa, atapanga upya. Atapanga upya nini, sikuuliza. Mtu mkubwa ana mipango mikubwa.

Jumatano, 9 Aprili

Foleni ya kitambulisho. Yule msichana wa kupiga picha kaniambia nisikunje uso. Nikamwambia sijakunja, ndivyo ulivyo. Kapiga mara nne. Zote nimetoka kama ninayetaka kumwuma.

Narudi, Glicheria yuko uani.

“Wifi, umependeza! Nani kafa?”

Nikamjibu hajafa mtu, mwanangu anakuja kupokea nyumba yake. Ungemwona alivyocheka. Alishika ua kwa mikono miwili.

“Nyumba ipi, wifi yangu?”

Mwanamke ana wivu huyu, mpaka unamtoka kwenye meno.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimetukanwa na serikali.

Bi Zavoianu kaniita. Kafungua daftari la ardhi. Nyumba si yangu! Haijawahi kuwa yangu! Imeandikwa jina la baba mkwe, mzee Spiridon, ambaye tumemzika zamani hizo. Nikamwambia huyo amekufa. Akasema anajua, ndiyo shida yenyewe. Mirathi haikufunguliwa.

Nani aifungue? Kwetu mtu akifa unachemsha ngano ya sadaka, unaichanganya na sukari na njugu, kasisi anasoma, watu wanakula, unaendelea kuishi. Nani anatoka makaburini akaenda kwa notari?

Bi Zavoianu akachora mstari kwenye karatasi. Nusu ya marehemu mume wangu, nusu ya Glicheria. Ile nusu ya mume wangu, sehemu kubwa ni ya Tiberiu tayari. Yangu mimi, niliyepaka chokaa kuta zile kila Mei mpaka mabega yakalegea: thumni! Thumni ya nyumba ni nini? Ni jiko, na pengine mlango wake.

Nikauliza kama hakuna njia ya kumwondoa wifi. Akasema ipo ya kisheria: ikiwa Glicheria mwaka ule wa msiba hakudai wala hakuchukua chochote kama mrithi, basi si mrithi. Atatusikiliza wote wawili Jumatatu.

Nimetoka nikirukaruka. Kisha katikati ya barabara nikasimama. Mtambo wa shaba wa mzee Spiridon, wa kupikia pombe ya plamu! Glicheria aliubeba wiki ileile ya mazishi. Nani anajua? Mtaa mzima. Nani kawaambia? Mimi. Kila vuli. Kwa sauti.

Jumatatu, 14 Aprili

Glicheria kaja na kofia. Kwa notari, kofia!

Mpango wangu ulikuwa safi. Nikamtangulia kusema, nikamwambia Bi Zavoianu kwamba wifi yangu ni mwanamke mwaminifu, hajawahi kuchukua hata kijiko kutoka nyumba ya baba yake, malaika mtupu. Meno yaliniuma nikisema.

“Rudia, wifi,” akasema Glicheria. “Hapo kwenye malaika.”

Nikarudia! Alikuwa anafuta machozi kwa kucheka. Kisha akasema anao majirani wawili nje, wamenisikia miaka yote nikimwita mwizi wa mtambo, na mmoja anaweza hata kuigiza sauti yangu.

Bi Zavoianu akaweka kalamu chini. Akasema taratibu kwamba kusema uongo mbele yake ili uandikwe si utani, ni kosa la jinai, na akaniuliza kama nataka kulisema upya jambo hilo.

Nikalisema upya. Aliuchukua! Na kifuniko chake, na bomba lake, na pipa ambalo hata halikuwa la mzee! Bi Zavoianu akaandika kila kitu. Ndivyo nilivyompa Glicheria nusu ya nyumba kwa ulimi wangu mwenyewe.

Na unajua alisema nini yule nyoka? Kwamba nusu yake anampa Tiberiu. Bure. Ni mtoto wa kaka yake, na alishapanga hivyo zamani. Yaani sasa yeye anampa nusu, mimi nampa jiko! Nimekasirika mpaka nikashuka basi kituo kisicho changu.

Jumatano, 16 Aprili

Sikiliza hili.

Glicheria kaegemea ua, sauti ya huruma, ile mbaya zaidi. Akasema inasikitisha kuhusu Pasaka. Pasaka gani? Akasema, kwani hukujua? Tiberiu alikuwa amekata tiketi tangu Februari. Alikuwa anakuja Pasaka, Costel amchukue uwanja wa ndege wa Suceava, wakushtue mlangoni. Likizo yake kaihamishia tarehe 28 kwa sababu ya notari wako mkali.

Nilikaa chini palepale, kwenye vitunguu.

Nikampigia. Alikuwa juu ya lifti, upepo unavuma. Ameshaongea na Bi Zavoianu, anajua kwamba karatasi ya ubalozi ingetosha. Tiketi za Pasaka hazipo tena. Hakufoka. Afadhali angefoka. Akasema, mama, siku nyingine sema tu njoo. Neno moja.

Njoo! Kama namwita bata! Mama wa fundi mkuu wa lifti aombe, na ua wa Glicheria una masikio? Haiwezekani.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo wanawake wote wa mtaa wanapaka mayai rangi nyekundu. Mimi sijapaka hata moja.

Nimepata njia. Kwani Pasaka inakwisha lini? Mpaka Kupaa tunasalimiana Kristo amefufuka! Na Jumatatu ile ya 28 ni Pasaka ya Wafu, watu wanapeleka chakula makaburini. Mzee Spiridon ndiye mwenye nyumba, si lazima naye apelekewe habari?

Basi nimepita nyumba hadi nyumba. Nimemwambia kasisi, nimemwambia Costel arudi na gari, nimemwambia hata Glicheria, aje na kofia yake. Kwangu mwaka huu mwanakondoo haliwi Jumapili. Wakauliza kwa nini. Nikawaambia notari ndiye aliyeamuru, ni sheria mpya, warithi wote lazima wale Pasaka pamoja na mpokea nyumba, la sivyo muhuri haushiki.

Kasisi aliniangalia sana. Glicheria kaenda kumpigia simu Bi Zavoianu. Apige! Naye nimemwandikia, amealikwa.

Asubuhi makaburini, saa tano kusaini, saa nane mezani, Tiberiu kiti cha mbele. Waje wote, Jumatatu, tarehe 28 Aprili.