Misumeno Minne Isiyovuja Hata Tone

Jumatatu, 4 Machi
Fundi mkuu wa karakana ya manispaa amestaafu. Ufunguo wa stoo unaning'inia msumarini ofisini kwa msimamizi, unamsubiri mwenyewe. Mwenyewe ni mimi! Msimamizi amesema atautoa Ijumaa kwa atakayeonyesha kuwa anajali vifaa. Mpinzani ni mmoja tu: shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Tunamwita Tupa, maana ile tupa yake ya kunolea haimtoki mfukoni hata harusini. Msumeno mmoja anaunoa nusu saa, jino kwa jino, akihesabu. Maskini.

Jumanne, 5 Machi
Nimegundua jambo! Misumeno yetu yote minne ya mnyororo inavuja. Ukiiwasha, inarusha oili. Miaka yote hii hakuna aliyeshtuka! Nimeifungua na kukuta kitundu karibu na mnyororo. Oili inapitia hapo. Nimekiziba kwa sabuni ya kufulia, kama tunavyoziba tangi lililotoboka. Misumeno minne, dakika kumi! Sijajitangaza. Kizuri chajiuza.

Jumatano, 6 Machi
Msimamizi amepitisha kidole chini ya misumeno. Kikavu! Amenisifu mbele ya kikosi kizima. Tupa akadai kuwa msumeno usiotema oili una kiu, akaomba aufungue. Msimamizi akakataa: kizima hakitengenezwi. Mwenye wivu ajinyonge! Jioni nimemwambia mke wangu ajiandae kuitwa mke wa fundi mkuu. Ameuliza sabuni yake imekwenda wapi.

Ijumaa, 8 Machi
Upepo wa alfajiri umeangusha mti kwenye lango la zahanati. Gari la wagonjwa limekwama ndani, na mama mjamzito anasubiri kupelekwa hospitali kubwa. Siku yangu! Msumeno wa kwanza: moshi. Wa pili: moshi. Wa tatu mnyororo ukanasa kabisa. Nikaeleza kuwa mti ule ni wa aina ngumu sana.  Tupa akafungua wa nne, akachokoa kitundu kwa waya, kipande cha sabuni kikadondoka, akawasha. Ukatema oili hadi kwenye shati langu. Robo saa, gari likapita. Msimamizi akaokota kile kipande, akanusa, akauliza ni cha nani. Tupa akasema sabuni hiyo anaijua, ni ya dada yake. Nilitamani ardhi ipasuke. Nimeumia, sifichi.

Jumatatu, 11 Machi
Ufunguo anao Tupa. Mimi nimepewa bendera nyekundu ya kusimamisha magari. Cheo kikubwa, ukifikiri vizuri: hata malori yananitii! Na ukisimama unaona mengi. Leo nimeona kwamba kifuniko cha tangi la pikipiki ya msimamizi kina kitundu, juu kabisa. Petroli inakwenda hewani mchana kutwa, naye hana habari! Nimeshakiziba. Kesho ana safari ndefu. Akirudi, atajua nani anajali vifaa.