Wiki Tatu za Mimba na Mume Aliyekuja Juzi

Leo nimejivua nguo mbele za watu, na hakuna aliyenisukuma. (Si nguo zenyewe. Tulieni.)

Mnajua mume wangu Athumani ni mpishi melini. Hukaa baharini miezi na miezi, na akija haishi kuangalia tarehe ya kurudi. Safari hii alipata wiki moja. Jumamosi nikamsindikiza mpaka feri, nikarudi nyumbani kwetu Bofu peke yangu, nikalala na shati lake. (Ndiyo, halijafuliwa. Nyamazeni.) Tuna miaka minne ya ndoa na bado hatujabahatika mtoto. Sipendi kuizungumza sana habari hiyo, lakini kila mwezi kuna siku moja ambayo mimi hufunga mlango mapema na kusema kichwa chaniuma.

Basi asubuhi jirani alikuwa akikaanga papa. Harufu ilipoingia dirishani nikatoka mbio, nikatapika mpaka machozi yakanitoka. Mtu mwenye akili zake angemfikiria yule samaki wa nazi niliyemla jana, ambaye alishinda mezani kutwa nzima. Mimi nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikaweka mkono tumboni, nikacheka peke yangu. Nikachagua na jina. (Mawili, huenda wakawa pacha.)

Sasa kipimo. Duka la dawa la hapa kwetu ni la binamu yake Athumani. Ukinunua dawa ya kikohozi asubuhi, adhuhuri mtaa mzima unakupa pole. Nikaazima ninja ya jirani, mimi ambaye siku zote huvaa mtandio tu, nikajifunika uso, nikavuka feri na kwenda mpaka Kisauni ambako sijulikani. Ndivyo nilivyodhani.

Dukani kulikuwa na benchi, na benchi limejaa wanawake wanaosubiri dawa zao. Muuzaji ni dada mmoja wa miwani, mpole, ila sauti yake ni ya kufundishia watoto wa chekechea. Nikainama nikamnong'oneza kwamba nataka kipimo cha mimba, ni cha mdogo wangu. Akaniuliza huyo mdogo wangu amechelewa hedhi kwa muda gani. Nikasema hajachelewa bado, lakini leo ametapika. Akauliza kama mumewe yuko. Nikasema alikuja wiki iliyopita, na Jumamosi ameondoka.

Dada akavua miwani. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniponza, maana alianza kunielewesha kwa utulivu na kwa sauti ile ile. Akasema hata kama mimba imetungwa, sasa hivi pengine iko njiani tu, inateremka kwenda kwenye mji wa mimba. Ikishafika na kujishika huko, ndipo mwili huanza kutoa kile ambacho kipimo hukitafuta kwenye mkojo. Kwa hivyo mdogo wangu asubiri hedhi ichelewe kwanza. Akipima leo ataambiwa hana, hata kama anayo. Tena kutapika kwa mimba huja baadaye, wiki ya sita hivi. Kwani jana mdogo wangu alikula nini?

Nikasema samaki. Benchi likaguna.

Hapo ndipo ningelipa nikaenda zangu. Lakini hamu ilikuwa imeshanishika. Nikamuuliza, je, kama imo, ina umri gani? Nilitaka tu kumsikia mtu akiihesabu, kama inavyohesabiwa mimba ya watu wengine. Akauliza hedhi ya mwisho ilianza siku gani. Nikamtajia. (Upesi mno kwa hedhi isiyokuwa yangu.) Akahesabu kwa vidole.

"Basi kama imo, hospitali watamwambia ana wiki tatu."

Damu ikanipanda kichwani.

"Wiki tatu? Wallahi wiki tatu nyuma mume wangu alikuwa baharini! Kaja juzi tu!"

Duka zima likanigeukia. Mume wangu, nimesema. Si mume wa mdogo wangu. Mume wangu.

Dada akavaa miwani yake taratibu. Akanieleza kwamba siku yenyewe ya kutunga mimba ni vigumu mtu kuijua kwa hakika, ndiyo maana hesabu huanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Wiki mbili za mwanzo, kwa kawaida, tumbo huwa halina kitu. "Wiki hizo mbili, dada yangu," akasema, "hata waume wa nchi kavu hawahusiki."

Benchi likaangua kicheko. Mama mmoja akanihakikishia kwamba heshima yangu iko salama.

Kisha sauti ikatoka mwisho wa benchi, polepole. "Riziki?"

Mavyaa wangu. Mama yake Athumani mwenyewe! Anakaa Changamwe, na sikuwa na habari kwamba amekuja Kisauni kumuuguza dada yake.

"Abee, mama," nikaitika ndani ya ninja. (Ya kazi gani tena?)

Akainuka, akanunua kile kipimo yeye, akakifunga kwenye pindo la leso yake, akanishika mkono tukatoka. Nje nikaanza kulia na kuomba radhi. Akaniambia hata yeye alisubiri miaka sita kabla ya kumpata Athumani. Mwaka mmoja alijiona ana dalili, akamwambia mamake. Pilau ikapikwa, majirani wakaitwa, wakala wakashiba. Watu hawajatawanyika, hedhi ikaja.

"Niliosha sahani zile zote," akasema, "na sikumwambia mtu mpaka jioni."

Akaamua kuja nami Bofu, ati anichunge nisipime kabla ya wakati. Athumani hajui lolote, meli haina mtandao mpaka wafike bandari nyingine.

Sasa hivi nawaandikia nikiwa jikoni. Nimemchungulia mavyaa sebuleni. Amefungua pindo la leso, amekitoa kipimo, amekiinua kwenye mwanga wa dirisha. Nikamwambia, mama, hakijatumika hicho, hakiwezi kuonyesha kitu.

"Najua, mwanangu," akasema. "Natazama tu."

Basi msinicheke. Au chekeni, lakini mkimaliza mtuombee.