Darubini ya Gobore la Marehemu Baba

Jumatatu, 3 Julai 1995
Nimepata! Meshack, mchuuzi wa Mbamba Bay, kaniuzia darubini ya bunduki iliyovuka ziwa kutoka Malawi. Nimeifunga kwenye gobore la marehemu baba kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Nguruwe pori watanikoma. Na si nguruwe tu. Nikipanda kichuguu changu naona mpaka uani kwa Othmar, mwenyekiti wetu wa kijiji. Wanunuzi wapya wa kahawa, wale wa makampuni binafsi, wanakunywa togwa kwake. Kwangu hawajafika hata kunisalimia! Mke wangu Walburga nimemwambia hiki ni kipande cha bomba la dawa ya mibuni. Kanitazama tu.

Jumatano, 5 Julai
Moyo hautulii. Gobore lina kitabu chake polisi, darubini haimo. Wakinichukulia gobore la baba, nitaificha wapi sura yangu? Nimedandia lori la mahindi hadi Mbinga. Afande wa kaunta, mtu mpole, kanieleza kwamba kifaa kiandikwe kitabuni, na kwamba hakuna wa kuingia kwangu kupekua ovyo bila hati. Haki yangu hiyo! Nilitaka kumkumbatia. Ila ombi lazima lianzie kwa mwenyekiti wa kijiji. Balaa.

Ijumaa, 7 Julai
Akili ni mali. Barua nimeitia katika bahasha tatu, kila moja SIRI KUBWA kwa wino mwekundu. Penye matumizi nimeandika: kulinda mahindi, na kuangalia mambo ya jirani kwa usalama wa kijiji. Jirani sikumtaja jina. Othmar nimempa Shikamoo, ingawa nimemzidi miezi miwili. Kaitikia bila aibu!

Jumapili, 9 Julai
Aibu yangu mie! Kumbe ombi la silaha husomwa mbele ya mkutano wa kijiji. Baada ya misa Othmar kafungua bahasha ya kwanza, ya pili, ya tatu, polepole. Kasoma mpaka nukta ya mwisho. Mama Gaudiosa, jirani wa ng'ambo ya mto, akauliza kama darubini inafika mtoni wanakooga wanawake. Nikajibu haifiki, mwamba unazuia. Minong'ono ikaanza. Nikasimama nikadai kwamba kila mtu ana haki ya siri zake.

"Na sisi za kwetu, Erasmo?" akauliza Othmar.

Nikaketi. Walburga alicheka kuliko wote. Imeniuma.

Jumanne, 11 Julai
Ombi limekataliwa. Gobore litakaa polisi mpaka nirudishe darubini kwa Meshack, naye Meshack kesharudi Malawi. Nimelipeleka mwenyewe, nimelifunga kwa kanga ya marehemu mama. Njiani nimelia kidogo.

Alhamisi, 13 Julai
Nimefikiri. Darubini bila gobore si kifaa cha silaha. Haihitaji fomu! Nimeshinda kichuguuni tangu asubuhi. Wanunuzi wamefika kwa Othmar saa nane, nimeona hadi vifungo vya mashati.

Kurudi nyumbani, Walburga kaniambia walianzia kwetu. Waliniita mpaka wakachoka, wakaona hakuna mwenye kahawa, wakaenda kwa Othmar.

Kichuguu ni kifupi, ndiyo kasoro yake. Kesho napanda juu ya paa.