Sufuria Ninamwachia Maulida

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Baridi. Nimeshinda ndani na Agnes. Kafa miaka mia nne iliyopita, lakini leo sina mwingine. Mzee mmoja wa Uingereza hunitumia picha za wosia za kale za kwao, nami nayachapa maneno yake kwenye kompyuta. Anatafuta ndugu za bibi huyo. Njia yenyewe rahisi: angalia nani kamwachia nini. Mjomba kamwachia chungu cha shaba. Shangazi, gauni jekundu. Kumbe kuachiwa kitu ndiko kuwa na watu!

Simu yangu kimya tangu Pasaka. Khalfani, jirani yangu hapa Kaloleni, leo kapata wageni watatu. Watatu! Nikapata wazo.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeandika wosia wangu. Sufuria kubwa kwa Maulida wa chumba cha pili. Jiko la gesi kwa Lesian, mlinzi wetu. Redio kwa Khalfani (inaniuma). Dada yangu Elinipa, kule mlimani? Hapati kitu. Hakunialika kipaimara cha mwanawe. Nikausoma uani kwa sauti, watu wakianika nguo. Nikakohoa kidogo.

Jumatano, 6 Agosti

Mafanikio! Maulida kaleta uji. Khalfani kaleta supu, akauliza naumwa nini. Nikasema madaktari wenyewe wananyamaza. Akanishika mkono. Sikumbuki lini nilishikwa mkono mara ya mwisho.

Alhamisi, 7 Agosti

Maulida kaomba sufuria sasa hivi, ana shughuli Jumamosi. Khalfani kaja kuijaribu redio, akaona itasikika vizuri zaidi chumbani kwake, akaondoka nayo. Lesian kabeba jiko, eti analilinda. Hakuna aliyeleta chakula. Nimekula mkate mkavu.

Kazini nimefikia wosia wa kaka yake Agnes. Kawataja dada wengine wote, hata ng'ombe kawataja. Agnes hayumo. Mtu katili kabisa! Nimemkasirikia hadi jioni.

Jumapili, 10 Agosti

Nilikuwa nimelala, mlango ukagongwa. Elinipa! Macho mekundu, hotipoti ya mtori wa ndizi mkononi. Alisikia sokoni kwamba nakufa. Akanilisha kwa kijiko. Halafu akauona wosia niliobandika ukutani, akausoma mpaka mwisho, akaurudia. Akauliza taratibu alinikosea nini. Nikataja kipaimara. Akasema alinipigia simu wiki nzima, sikupokea. Kweli, nilikuwa nimenuna.

Akasema pia kwamba siumwi, kikohozi changu cha uongo anakijua tangu utotoni. Akasema chumba changu kule nyumbani kipo, niende Jumapili yoyote tule pamoja. Akaosha kijiko, akaondoka.

Nimelia. Chumba kikubwa mno bila vyombo.

Niende Jumapili ijayo? Hivi hivi, mzima wa afya, bila sababu yoyote? Watanionaje! Hapana. Nimeongeza mstari kwenye wosia: kitanda kwa Elinipa. Kesho namtuma Lesian mlimani akaseme hali imekuwa mbaya zaidi. Nimeanza kulala upande wa ukutani, ili akija apate pa kukaa.